Kiazi Kinachongoja Mwizi

Msijisumbue kuuliza ilikuwa lini. Katika bustani ya Bi Sikitu siku hazifuatani. Kila moja imejichagulia mahali pake na kuatamia hapo, kama kuku. Ukiingia kwa upande wa mgagani unakuta asubuhi ya leo, umande bado uko majanini na jirani anakohoa kikohozi chake cha kila siku. Ukisogea hadi penye njugu mawe umeshaingia mwaka ule Bi Sikitu alipokuwa msichana wa kuruka matuta, na mama yake anamwita kwa sauti ya mtu anayejua fika kwamba haitikiwi. Na ukiupita mlenda ukafika kule pembeni, ambako mmea wa viazi vya hewani umeparamia chanja ya miti na kujiviringisha huko juu, hapo wakati unakaa kitako kabisa na kukataa kwenda. Wageni hupata kizunguzungu. Wenyeji wa mji ule, ambao hauna jina kwa sababu wao huuita Huku na kwingine kote hukuita Kule, wamezoea. Mtu anatoka kuchuma mboga ya mchana, anarudi na machozi ya msiba uliopita zamani, anapuliza moto, anapika, wanakula.

Hebu tuuseme huo mmea, maana habari yote hii ni yake. Kiazi cha kawaida kina haya, kinajificha chini ya udongo mpaka ukichimbe. Hiki hakina. Kinazaliwa juu, kwenye vikonyo vya mmea unaotambaa, hadharani, cha kahawia chenye mabaka, ukubwa wa ngumi ya mtoto, hata asiyekijua akadhani kuna mwehu aliyefunga mawe kwenye kamba. Ukikichemsha kwa chumvi na kukimiminia tui kinakuja na uchungu kidogo kwanza, kisha uchungu unaondoka na ulimi unabaki unashangaa. Lakini si ladha iliyowafanya watu wakipande. Ni kwamba anayekila huwa si yeye peke yake. Bi Sikitu akila kiazi kile hucheka kicheko cha mama yake, Bi Mwanamkuu, kicheko cha puani, cha mtu anayeficha jino bovu, ingawa yeye Sikitu meno yake yalikuwa mazima mpaka uzeeni. Na ndani ya kicheko hicho, mbali zaidi, kuna namna ya kuvuta pumzi ambayo mama naye aliiokota kwa mtu mwingine ambaye jina lake limeshabaki kwenye kiazi tu. Wote wamo humo. Unawatia kwenye sufuria, unawaongeza chumvi.

Sasa, walifikaje humo? Hapo ndipo penye uhondo. Katika mji ule mbegu haiombwi wala haitolewi. Inaibwa. Inaibwa mchana kweupe, saa ya jua la utosi, mwenyewe akiwa amejilaza kwenye mkeka barazani, jicho moja limefumbwa na jingine liko wazi kidogo tu, kiasi cha kupitisha uzi. Mwenyewe lazima awepo. Ukichukua akiwa hayupo, hukuiba, umeokota, na cha kuokota kinaoza. Mwenyewe lazima akuone, na lazima ajifanye hamnazo. Kisha kesho yake asubuhi atoke mlangoni pake amtukane mwizi kwa sauti ya mtaa mzima, bila kumtaja, na mwizi akae kwake kimya ayapokee. Mmea usiotukaniwa huota umesinyaa. Na juu ya yote hayo liko sharti moja gumu kuliko mengine: hakuna ruhusa ya kumwambia mtu. Ukimwambia akaibe, umemtuma, na aliyetumwa si mwizi tena, ni mjumbe. Basi watoto wa mji ule hujifunza wizi kama wanavyojifunza kutembea, kwa kuangalia wakubwa wanavyofanya na kuanguka.

Bi Sikitu aliwaza sana jambo hili, hasa mikono ikiwa kwenye udongo, maana akili yake ilifanya kazi vizuri vidole vikiwa vichafu. Kwa nini isitolewe tu, kwa heshima, kwenye kisahani, mtu akashukuru? Aliona kwamba kitu ulichopewa kinakuja na mkono wa aliyekupa bado umekishika, na utaishi ukiusikia mkono ule. Ulichoiba kimekuja kwa sababu wewe mwenyewe ulikitaka, ukakitaka mpaka ukatambaa kwa magoti chini ya ua na kujichafua. Na yule aliyelala akakuona unavyokitaka, akanyamaza. Je, kupendwa ni kupewa, au ni kuachiwa uibe? Aliligeuza swali hilo huku na huku asubuhi nyingi, asipate jibu, akaishia kupalilia.

Yeye mwenyewe kiazi kile alikiiba kwa mama yake. Bado anaiona siku hiyo, kwa kuwa haijaenda popote, iko palepale chini ya chanja. Bi Mwanamkuu amejilaza kwenye mkeka, mguu mmoja umepandishwa juu ya mwingine, anakoroma mkoromo wa uongo. Msichana anapita kwa ncha za vidole, anasimama juu ya kinu, anakivuta kiazi, kamba yote inatikisika na majani yanamwagika juu ya uso wa mama. Mama hafungui jicho. Jani limemkalia puani na linapanda na kushuka na pumzi, na chini ya jani hilo mdomo unajibana usicheke. Kesho yake alitukanwa matusi ambayo hajawahi kuyasikia tena, matusi ya kupendeza, yaliyoanzia kwenye nywele zake na kushuka mpaka kisigino bila kuacha mahali. Alijikunyata nyuma ya mlango wa chumba chake kipya, kando ya bustani ya mama, akayanywa yote, na hakuna siku aliyojiona mtu kuliko siku hiyo.

Sasa amezeeka. Na kwa kiazi kile hakuna mwizi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake, na tusiizunguke. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Zuwena, na Zuwena alikuwa hawezi kuiba hata usingizi. Alipokuwa mdogo aliingia kwenye njugu mawe za bibi mmoja wa mtaa wa pili, Bi Mize, akazichota kwenye upindo wa nguo kama mtoto yeyote wa pale. Lakini baba yake, Shamte, alikuwa mtu wa Kule, mji wa nyuma ya kilima ambako kila kitu kina mwenyewe na kila mwenyewe ana kitasa. Shamte alimkuta njiani na njugu zake. Akamshika mkono, akamrudisha, akamwamsha Bi Mize kwenye mkeka wake, akamwambia mtoto arudishe moja baada ya nyingine na aombe radhi kwa kila moja. Bi Mize alizipokea na uso umemshuka. Mtoto alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Shamte hakuwa mtu mbaya, jamani, alikuwa mpole, na mkewe alimpenda mpaka mwisho. Lakini usiku ule alisema hataki kumlea binti kwenye mji wa wezi, na mkewe, akiwa amefungwa ulimi na lile sharti, hakuweza kumweleza lolote. Waliachana bila hata tusi moja. Shamte akamchukua mtoto kwenda naye Kule, na hapo ikapita miaka mingi, au mwaka mmoja uliojirudia mara nyingi, kwa upande wa njugu mawe mtu hawezi kujua.

Zuwena alirudi akiwa mtu mzima, baba ameshazikwa, na kicha cha funguo kiunoni. Huko Kule alikuwa mtunza funguo kwenye maghala, kazi ya heshima, na mikono yake ilikuwa na adabu mpaka inasikitisha: ilipogusa kitu iliomba ruhusa. Alimpenda mama yake vibaya sana. Alipanga nyumba ya jirani ili awe karibu, akaja kila asubuhi kumpaka mafuta ya miguu, akamwambia mama asichuchumae, mama asibebe ndoo, mama akae. Na katika kukaa kule, akachunguza. Akaona nyayo za watu kwenye matuta. Akaona choya imevunjwa matawi, fiwi imepukutishwa, na kwenye ua wa manyara pengo la kupitisha mtu mzima. Akaona pia, kwa macho yake, mzee mmoja mwembamba akiingia kwa pengo hilo mchana wa jua kali, ndala zinapiga makofi, anakohoa, anang'oa mche wa mboga ya mchunga na kuondoka nao huku mama yake amelala hapo hapo barazani. Zuwena alisikia uchungu. Mama yake mzee anaibiwa na mji mzima, na hana habari.

Basi akafanya lile ambalo binti mwema angefanya. Akaita mafundi. Akazungusha ukuta wa matofali bustani nzima, mrefu kupita kichwa cha mtu, akaweka mlango wa mbao nzito na kufuli la chuma, akamkabidhi mama ufunguo mmoja na kujifunga wa pili kiunoni. Alifurahi siku hiyo mpaka akaimba. Bi Sikitu aliushika ule ufunguo, akautazama, akasema ahsante mwanangu. Angesema nini? Nje ya ukuta yule mzee mwembamba, Kibwana, rafiki yake wa tangu utoto na mwizi wake mwaminifu kuliko wote, alisimama na kikapu kitupu akiyatazama matofali kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imehamishwa.

Bustani ikaanza kusahau.

Haikuanza kwa kishindo. Mgagani ulipoteza harufu kwanza. Kisha mlenda ukapikwa ukawa maji matupu, hauvutiki. Ngogwe zikazaa zikiwa hazina uchungu wala utamu. Siku zilizokuwa zimeatamia mahali pake zikaanza kuondoka moja moja: Bi Sikitu alikwenda kwenye njugu mawe akakuta ni leo tu, leo hiyo hiyo ya kule kwenye mgagani, na sauti ya mama yake ikimwita haikuwepo. Viazi vya hewani vikakauka kamba hadi kamba. Kikabaki kimoja. Na yeye mwenyewe akaanza kupungua. Aliitwa Sikitu akachelewa kugeuka. Aliitikia jina la Bi Mwanamkuu bila kuitwa. Alimtazama Zuwena akimpaka mafuta miguuni na akataka kumwita, na kwa muda ambao ulimtisha hakulipata jina lake.

Alikaa chini ya chanja akizungumza na kile kiazi, au na nafsi yake, hakuwa na hakika tena na mpaka wa vitu hivyo.

Mimi ni nani. Ni mtu aliyekula. Nimekula watu wengi, na chumvi.

Mama yumo humu. Bibi yumo. Yule mwenye pumzi ndefu yumo, sijui hata ni mwanamume au mwanamke.

Nikienda na hiki hakijaibwa, tunakwenda wote. Tunafungwa mlango. Ufunguo ninao mimi mwenyewe, ona vituko.

Na Zuwena atabaki mtupu. Atakula kila siku na hatakuwa na mtu ndani. Atacheka kicheko chake mwenyewe mpaka afe.

Njoo, mwanangu. Njoo uniibie. Siwezi kukwambia.

Zuwena alikuja siku hiyo hiyo, kwa ufunguo. Alikuwa ameonjeshwa kipande cha kiazi wiki zile za mwanzo, kabla ya ukuta, na kilikuwa kimemkaa ulimini tangu hapo. Alijikuta usiku anacheka puani, akashangaa. Alisimama mbele ya mama yake, mikono imekunjwa kifuani kwa adabu, na kile kiazi cha mwisho kinaning'inia juu ya kichwa chake kiasi cha kugusa kilemba.

"Mama, naomba kiazi kimoja nikapande kwangu."

Bi Sikitu alisikia moyo wake unakatika vipande. Kilichoombwa kikatolewa kimekwisha kufa. Aliutazama uso ule wa Shamte wenye macho ya Bi Mwanamkuu.

"Sina," alisema.

Zuwena aliinua macho akakiona kiazi. Akayashusha. Hakulelewa kubishana na mkubwa, lakini mama aliona jinsi shingo yake ilivyolegea. Alidhani mama yake ni mkono wa birika. Alidhani, na hili ndilo lililomchoma Bi Sikitu zaidi, kwamba mama hamtaki. Akatoka, akafunga kufuli nyuma yake taratibu, na siku kadhaa hakuja kupaka mafuta.

Bi Sikitu alikwenda kwa Kibwana. Alimkuta mlangoni pake anashona ndala kwa waya. Watu hawa wawili walikuwa wameibiana maisha yao yote: madodoki yanayotambaa juu ya banda la Kibwana, yale yanayochumwa machanga na kupikwa kwa nazi, yalitoka kwa Sikitu; na choya ya Sikitu ilitoka kwa Kibwana, alimtukania hiyo mpaka sauti ikamkauka. Walizungumza juu ya mvua. Walizungumza juu ya waya mzuri wa kushonea ndala. Kibwana akasema kwamba hata ukuta usingekuwepo miguu yake imeshagoma, na mwizi anayehitaji kushikwa mkono kuvushwa tuta si mwizi tena, ni mgeni, apewe uji aende zake. Bi Sikitu hakucheka. Alitazama chini. Kibwana aliacha kushona, akamuuliza jambo moja tu.

"Na wewe Sikitu, umeacha lini wizi?"

Swali lile alirudi nalo nyumbani. Ni kweli, ameacha lini? Alikuwa amekaa miaka yote hii ya uzee akiwa mwenyewe, mlalaji wa mkekani, anangoja kuibiwa tu, amejaa mali, anajisikia mkarimu. Alikuwa mtu wa kitasa kabla kitasa hakijafika.

Nyumbani kwa Zuwena palikuwa pamefagiwa mpaka mchanga umechoka. Hapakuwa na jani, isipokuwa moja. Dirishani, ndani ya kopo la samli, Zuwena alikuwa na mmea mfupi wenye majani manene yanayong'aa, yenye uchachu, ambao watu wa Kule huulea nyuma ya nondo za madirisha na kuutia kwenye maharage. Ulikuwa wa Shamte. Alimkabidhi binti yake kwa mikono yake mwenyewe siku za mwisho wake, na kwa sababu alimkabidhi, mmea ulibaki kimo kile kile alichouacha, haurefuki wala haufi. Zuwena aliumwagilia kila siku kwa kikombe na hakuthubutu kuuchuma.

Jua lilipokuwa utosini Bi Sikitu alivua viatu. Aliuvuka mlango wa binti yake akiwa ameshika ukuta. Magoti yalilia kwa zamu, la kulia na la kushoto. Zuwena alikuwa amejilaza kwenye mkeka, uso umeelekea mlangoni. Mama alipita karibu na kichwa chake, akanyoosha mkono, akakivunja kitawi, na kitawi kilipovunjika kilitoa mlio mdogo, na Bi Sikitu akageuka akaona ukope wa mwanawe unatetemeka. Alikuwa macho. Moyo wa mwizi ulikwenda mbio kwa namna ambayo ulikuwa haujaenda tangu kwenye kinu cha mama yake. Na ndipo vitu vikachanganyika. Aliyesimama alikuwa msichana. Aliyelala alikuwa Bi Mwanamkuu, na kuna jani puani. Au aliyelala alikuwa yeye Sikitu, amechoka, na aliyesimama na kitawi ni Zuwena wa njugu mawe. Au walikuwa mtu mmoja anayejiibia, ameshindwa kujikamata. Sijui, na yeye hakujua. Zuwena alijifunika uso kwa kanga polepole, akageukia ukutani. Alimwonea mama yake haya. Alijifanya amelala kwa sababu alimpenda na hakutaka kumwaibisha, na hakuna aliyemfundisha.

Kesho yake Bi Sikitu alitoka barazani mapema kungoja matusi. Alikuwa ameshakipanda kitawi cha Shamte karibu na mlenda. Alivaa kanga nzuri. Nje ya ukuta Kibwana naye alisogeza kigoda chake akakaa, kwa maana habari za wizi huenea bila kusemwa. Walingoja. Nyumba ya Zuwena ilikuwa kimya. Jua likapanda, na Bi Sikitu akaanza kukata tamaa, akachukua ungo akakaa kuchambua mgagani.

Kufuli likalia. Zuwena aliingia, akamwamkia mama, akakaa upande wa pili wa ungo na kuanza kuchambua naye. Kisha akasema, macho yako kwenye majani:

"Mama, jana mchana kuna paka kaingia kwangu."

"Paka gani?"

"Mzee. Magoti yanalia. Hana haya hata chembe, kapita juu ya kichwa changu."

Lilikuwa tusi dogo sana, la mtu asiyejua kutukana, lakini lilikuwa tusi. Bi Sikitu alicheka. Alicheka mpaka ungo ukamtoka mapajani, akashika nguzo, mbavu zikamuuma, na nje ya ukuta kukasikika kikohozi cha mtu aliyepaliwa na furaha. Zuwena alimtazama mama yake, kwanza kwa hofu, kisha akageuka akakiona kile kitawi kando ya mlenda. Kilikuwa kimesimama. Kilikuwa kimeshatoa majani mapya matatu, kile kile ambacho kwenye kopo hakijawahi kutoa hata moja. Uso wake ukawa uso wa mtoto mdogo anayetembezwa kwa mkono kwenda kwa Bi Mize.

"Mama," alisema. "Siku ile ya njugu. Bi Mize alikuwa amelala kweli?"

Neno lilimjaa Bi Sikitu kinywani. Aliling'ata. Kuna mengi anayoruhusiwa kuyasema mtu katika mji ule, na moja ni habari za mazao.

"Njugu zake hazikuota tena," alisema.

Zuwena alikaa na jani la mgagani mkononi mpaka likanyauka. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Mama alichambua mboga yote iliyobaki peke yake, akaipika, wakala, na ilikuwa na harufu kidogo.

Mchana wa siku iliyofuata Bi Sikitu alijilaza kwenye mkeka wake, mguu mmoja juu ya mwingine. Alifumba jicho moja. La pili aliliacha wazi kiasi cha kupitisha uzi. Alingoja mlango. Mlango haukufunguliwa. Badala yake alisikia mkwaruzo kwenye matofali, na juu ya ukuta kikatokea kilemba, kisha paji la uso, kisha Zuwena mzima mzima, mtu mwenye ufunguo wa mlango ule kiunoni, anapanda ukuta aliouweka mwenyewe, nguo imenaswa, goti linavuja damu. Alitua chini kama gunia. Na funguo, ambazo kwa mazoea alisahau kuziacha nyumbani, zikalia zote kwa pamoja.

Maskini, hakujawahi kuwa na mwizi mbovu kiasi kile. Kila hatua funguo zililia. Alisimama, zikanyamaza, alipiga hatua, zikalia. Bi Sikitu, ambaye sasa ingebidi awe amekufa ili asisikie, akaanza kukoroma. Alikoroma kuzifunika funguo. Zikilia kidogo alikoroma kidogo, zikilia sana alikoroma mpaka koo likamkwaruza, na machozi yalikuwa yakimtiririka kutoka kwenye jicho lililofumbwa na lililo wazi vilevile. Kwa uzi ule wa mwanga aliiona mikono ya mwanawe. Ilifika kwenye kiazi, ikasita. Iliomba ruhusa, kama ilivyofundishwa, na hakukuwa na wa kuitoa. Kisha ikakishika kiazi kwa nguvu, ikakivuta, na chanja yote ikatikisika na majani makavu yakammwagikia mama usoni. Moja lilimkalia puani. Bi Sikitu alibana mdomo. Zuwena alikipakata kiazi kifuani, akarudi mbio na kengele zake, akapanda ukuta, akaangukia upande wa pili.

Kesho yake asubuhi mji mzima ulikuwa umeamka mapema kwa sababu isiyojulikana. Bi Sikitu alisimama mlangoni. Alikuwa na wasiwasi kwamba hatayakumbuka matusi, maana mengi yalikuwa yameshamtoka kichwani, hata jina lake alilipata kwa kulitafuta. Lakini alipofungua kinywa yalikuwepo, yamepangwa, kwa sauti ya Bi Mwanamkuu na pumzi ndefu ya yule asiyejulikana.

"We mwizi uliyepita hapa jana. Mwizi gani wewe unakuja na njuga kama mganga. Kichwa kama kopo la samli, goti kama tofali, mikono ya kuomba radhi. Umeniona nimejilaza ukadhani sina macho. Haya, chukua. Kikuotee. Kikupandie ukutani, kikuezue paa, kikuzalie mpaka ukose pa kukalia. Ukikila ukanisikia natafuna humo kinywani mwako, usinitapike. Nicheke na wewe. Na siku utakapojilaza barazani pako, mzee, umechoka, uibiwe. Nakuapiza uibiwe. Uibiwe mpaka ubaki na kamba tupu."

Upande wa pili hakujibu mtu, na ndivyo inavyotakiwa. Zuwena alikuwa nyuma ya mlango wake, udongo umemjaa kwenye kucha, anayanywa. Kule kwenye njugu mawe mtu aliita, sauti ya mtu anayejua haitikiwi, na Bi Sikitu, kwa mara ya kwanza, aliitika. Alijifuta mdomo kwa upindo wa kanga. Alitandika mkeka ingawa jua lilikuwa bado changa, akajilaza, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine. Hakukuwa na kitu cha kuchungulia tena. Akafumba macho yote mawili.